Kamera ya Kopo na Watu Sitini na Wawili

Kijiwe cha kahawa cha Dorcas, nyuma ya stendi ya Kibondo, kina benchi moja tu, na asubuhi hiyo nusu ya benchi ilikaliwa na kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililopakwa rangi nyeusi, na Tharsisi fundi saa hakutaka mtu aliguse. Ndani alikuwa ametia lenzi kutoka studio iliyokufa zamani, springi ya saa ya mezani na habu ya baiskeli. Ukikaza springi na kuiachia, kopo linageuka lenyewe taratibu, likipiga picha moja ndefu ya wote waliosimama nusu duara mbele yake. Jumamosi, kule Kitahana, mama yake, Immakulata, angetimiza miaka themanini na minne, naye alitoa sharti moja: uzao wake wote, watu sitini na wawili, watoke kwenye picha moja. Harusi iliyopita picha ya simu iliwakata wa upande wa Kasulu, na mpaka leo hawasalimiani na wenzao. Filamu ilikuwa moja tu, bado hajaitia ndani, na Tharsisi aliogopa kwelikweli.

— Kwa hiyo linazunguka, alisema Anatoli, ambaye wanamwita Hakimu tangu aliposhinda kesi ya mbuzi. — Sasa nisikilize. Mtu wa kushoto ameshapigwa. Akikimbia nyuma yenu, akasimama kulia?

— Atatoka mara mbili, alikiri Tharsisi.

— Yoo! Hakimu alisimama na kikombe chake. — Basi siku ya kugawa shamba ataleta picha: mimi huyu hapa, na mimi tena huyu huku. Nipeni mafungu mawili!

— Na watampa, alisema Dorcas. — Ushahidi si upo?

Mwalimu Abbasi, mtu wa Tanga aliyepangiwa huku miaka sita iliyopita na bado analalamikia baridi, alitikisa kichwa.

— Hilo dogo. Wa kushoto anapigwa mwanzo, wa kulia mwisho. Kwa hiyo kwenye picha wa kushoto ni mdogo kwa wa kulia. Kaka mkubwa akikosea kusimama, ukubwa umekwenda!

— Na likizunguka kinyumenyume, si litaipiga jana? aliuliza Dorcas.

— Jana gani! Funga springi mbili, alidakia Hakimu, — utawapata mpaka mababu wanatoka Burundi, wako njiani na mikeka kichwani. Na hao nao watataka kula.

Tharsisi alichoka.

— Jamani, hili ni kopo! Na nitatangaza mapema: atakayekimbia siku hiyo, nyama haonji. Awe nani, awe nani.

Hapo akatokea Nadine, binti wa kaka yake, ameshuka basi la Kasulu sasa hivi, begi bado begani.

— Shikamooni. Baba mdogo, ndiyo hii? Bibi kila siku ananiuliza kwenye simu. Alichungulia lenzi, akalizunguka kopo. — Sasa wewe utasimama wapi?

— Hapa nyuma. Naachia springi.

— Na kwenye picha?

Hakimu aliangalia ndani ya kikombe chake. Mwalimu Abbasi akakumbuka ana kipindi, ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Tharsisi alihesabu moyoni, akaanza upya, na mara zote mbili walikuwa sitini na mmoja. Yeye ndiye kitindamimba wa Immakulata.

Aliinua kopo, akaliweka juu ya ndoo iliyofudikizwa, akakaza springi.

— Dorcas, hesabu.

Akaiachia, akatimua mbio kuelekea kijiwe cha bodaboda, ambako angesimama mtu wa mwisho kulia. Goti lilimlia. Kandambili moja ilibaki njiani.

— ...kumi na moja, kumi na mbili. Limesimama!

Alikuwa amebakiza hatua tatu.

— Nyama hana huyo! alipiga kelele Hakimu.

Tharsisi alirudi akihema, akaokota kandambili yake, akavua na ya pili, akazipanga chini ya benchi. Akakaza springi.

— Hesabu tena, Dorcas. Polepole kidogo.