Usihesabu Matundu, Hesabu Wati

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Daktari Mkuu, Matroni na wauguzi wote, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu. Na wewe Mama Wati, fundi wetu wa mtandao, uliyejibanza safu ya nyuma kana kwamba anayestaafu leo ni jirani: nawasalimu nyote, na naomba mnivumilie, maana mimi katibu wa hospitali nimezoea kusoma taarifa, si kuungama.

Wageni wetu, jina hilo la Mama Wati tulimpa kwa kejeli. Miaka mitatu iliyopita tulifunga kamera kumi na nne na simu kumi. Vyote vilichomekwa kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao na, kwa waya uleule, kuvilisha vifaa umeme. Fundi akaja ofisini kwangu na kipande cha boksi alichokiandika kwa penseli.

"Bosi, kisanduku hiki hakitoshi."

Nikamuuliza, matundu mangapi? Ishirini na manne. Vifaa vingapi? Ishirini na vinne. "Sasa mama, hesabu gani tena unanitafutia?"

Akasema, "Usihesabu matundu, bosi, hesabu wati. Kisanduku kina mia mbili arobaini. Mchana vifaa vinakula mia moja na tisini. Jua likizama, kamera zinawasha taa za kuonea gizani, na hapo vinataka mia mbili sabini na nne."

Nikacheka. "Wewe na wati zako!" Ofisi nzima ikacheka, kwa sababu bosi kacheka. Tukajaribu mitambo saa nne asubuhi, kila kitu kikawaka, nikasaini. Lakini nani hupima paa siku ya jua?

Siku haikuisha. Magharibi ileile kamera ziliwasha taa zake zote, kisanduku kikazidiwa, nacho, kama kilivyotengenezwa, kikaanza kukata umeme kuanzia tundu la mwisho. Tundu la mwisho lilikuwa la simu ya leba. Humo ndani kulikuwa na mama anavuja damu. Mkunga wetu, huyu hapa safu ya pili, alinyanyua simu amwite daktari, simu kimya. Akavua viatu, akakimbia korido nzima. Mungu si Athumani, daktari aliwahi. Mama akapona, na binti yake ndiye huyo anayevuta kitambaa cha meza kuu tangu tuanze.

Sasa ndugu zangu, mnadhani niliandika nini kwenye taarifa? Niliandika: uzembe wa fundi. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake, faili la mtu aliyetumika miaka thelathini na mmoja bila doa. Alikwenda kuihamishia simu ya leba tundu la kwanza, akakiamuru kisanduku kisiikate hata vingine vyote vikizimika. Naona aibu mpaka leo. Kumbe ukubwa wa cheo hauongezi wati hata moja!

Wodi hii mpya ya uzazi tunayoifungua leo, ni yeye aliyeipangia umeme, kifaa kwa kifaa, kwa kiasi ambacho kila kimoja hula kikiwa na njaa kali, na akaacha akiba kwa vitakavyokuja. Safari hii nilisaini baada ya kusoma.

Jana asubuhi nilimpelekea barua mbili: ile ya onyo, ambayo Bodi imeifuta, na nyingine mpya inayosema kosa lilikuwa langu. Nilijiandaa kwa machozi, yake au yangu. Alizisoma mara mbili, akazikunja, akasema, "Nimekusamehe, bosi. Na simu ya leba mpya, umeshainyanyua?"

Sikuwa nimeinyanyua.

Mheshimiwa Mwenyekiti, jana jioni mlinzi alinikuta nimekaa peke yangu katika leba tupu, akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nasubiri jua lizame. Lilipozama, kamera zote zikawasha taa, nikanyanyua simu.

Mama Wati, ina mlio.

Wageni wetu, ahsanteni kwa kunitegea sikio. Nawe mama, toka huko nyuma, usogee mbele. Kiti hiki nilichokuwa nimekalia ni chako.