Kura Moja ya Ardis Tveit

Marehemu Ardis Tveit alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji wa Nordlund, jimbo la Minnesota. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Olaf na Bi Gudrun Lien. Sisi wa Nordlund ni Walutheri wenye asili ya Norwe, na kwetu kujisifu ni aibu kuliko kuiba kuku. Adabu hiyo Ardis aliinyonya ziwani.

Alisoma shule ya hapa hapa. Mwaka 1961 aligombea ukiranja na Curtis Brekke. Mwalimu alipogundua kwamba Curtis amejipigia kura, alimsimamisha ukutani. "Mwenye adabu humpigia mwenzake!" alifoka. Ardis alikuwa amempigia Curtis. Basi Curtis alisimama ukutani mpaka kengele ikalia, lakini ukiranja akaupata. Hadithi hiyo tuliicheka miaka mingi.

Baada ya kuhitimu uuguzi mwaka 1970, aliajiriwa wodi ya wazazi katika hospitali ya Nordlund. Wengi mnaolia hapa leo, kilio chenu cha kwanza alikisikia yeye.

Tarehe 10 Juni 1972 alifunga ndoa na Verlyn Tveit. Verlyn alimposa zizini, ndoo ya maziwa mkononi. Ardis akajibu, "Sina neno." Kwa watu wetu hayo ni mahaba makubwa.

Mwaka 2010 mbunge wetu wa bunge la jimbo alistaafu, kiti kikabaki wazi. Wakati huo hospitali ilikuwa hoi, inasubiri fedha za jimbo ama kufungwa. Ardis, ambaye hakuwahi kuomba hata kiti cha mbele kanisani, akagombea kwa ajili ya hospitali hiyo. Mpinzani wake alikuwa Curtis yule yule, sasa muuza matrekta, aliyesema hospitali ndogo ni mzigo kwa mlipa kodi. Ardis alibisha hodi nyumba kwa nyumba, na kila mlango aliomba radhi kwanza kwa usumbufu.

Alishindwa kwa kura moja. Zilihesabiwa upya kwa mkono, ikabaki moja.

Verlyn alimtazama mkewe mezani. "Mama Karla, wewe ulimpigia nani?"

"Curtis."

"Curtis! Umerogwa?"

"Sasa nijipigie mwenyewe, Verlyn? Kama mtu anayejipakulia nyama wageni hawajakaa?"

Verlyn hakula siku hiyo. Jumapili, kwenye kahawa baada ya ibada, Ardis alimpa Curtis mkono wa pongezi. Curtis akacheka. "Mimi nilijipigia, dada. Ukutani nilishasimama, sioni haya tena." Muungwana akivuliwa nguo huchutama, Ardis alimmiminia kahawa.

Mheshimiwa Brekke alipiga kura ya kuzikataa zile fedha, na hospitali ikafungwa mwaka 2012. Ardis hakulalamika. Sisi tulilalamika, na kusema kweli tulimlaumu na yeye pia. Adabu gani hiyo ya kumkabidhi mtu kisu akuchinje?

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Asubuhi ya tarehe 9 Januari mwaka huu alianguka jikoni akikanda unga wa mikate ya viazi. Gari la wagonjwa lilitoka mji wa mbali, theluji ikiwa imejaa barabarani. Lilipompakia, lilipita mbele ya hospitali yake, ambayo sasa ni ghala la boti za watalii. Verlyn, aliyekuwa naye garini, anasema mkewe alifumbua macho akaitazama. "Ningejipigia," alisema. Alifariki njiani.

Ameacha mume, Verlyn, binti, Karla, wajukuu wawili, Maren na Leif, na dada yake, Bi Inga Lien. Mheshimiwa Brekke yupo nasi, benchi la tatu, na ameleta maua. Tunamshukuru kwa maua.

Mungu na ampumzishe Ardis kwa amani. Sisi aliotuacha, amani hiyo bado hatujaiona.