Ng'ombe Waliorudi na Mtoto Asiyerudi

Mgeni wetu rasmi, Bwana Akida, shikamoo.

KARIBU MVUMI
Vumbi letu limekupaka mpaka kope, kwa hiyo umeshakuwa mwenyeji. Sisi ni akina baba tulioachana na wake zetu. Watoto hatukuachana nao.

TULIKOTOKA
Huku kwetu ndoa ikivunjika, mume huenda barazani kudai ng'ombe wake wa mahari. Mwenzetu Matonya alidai kwa hasira mbele ya akida aliyekutangulia, akashinda. Alirudi anaswaga ng'ombe huku anaimba, na sisi, wapumbavu wenzake, tukaitikia. Kesho yake akaenda kwa mkwewe, mzee Sila, kumchukua binti yake Ruthu. Alikuwa amembebea kibuyu cha maziwa. Mzee akamwacha ale ugali wa uwele ashibe, ndipo akamwambia, "Mwanangu, mahari imerudi kwako. Mtoto naye amerudi kwetu." Matonya aliijua mila hiyo tangu utotoni. Hasira ndiyo iliyomsahaulisha, na siku hiyo alirudi bila kuimba.

TUNAYOJIVUNIA
Siku hizi tunawasalimu wake zetu wa zamani bila kununa, na wapo wanaoitikia. Anyesi, mama yake Ruthu, amekubaliana na Matonya kwamba wakati wa kulima mtoto akae kwa mama, na baada ya mavuno akae kwa baba. Wanaelewana kuliko walipokuwa nyumba moja.

KINACHOTUKWAMISHA
Ili makubaliano hayo yatimie, Matonya aliwarudisha ng'ombe kwa mkwewe. Mzee Sila akawatazama kwa uchu, akakataa kuwapokea. "Hukumu ni ya serikali ya Wadachi," alisema. "Nikiigusa, askari watanifuata." Basi Matonya humwona mwanawe kwa ugeni, wanakaa uani, jua likipinda anaaga. Inatuuma sote. Yeye inamuuma zaidi, maana kila akikamua anamkumbuka.

OMBI LETU
Bwana Akida, milio unayoisikia nyuma ya baraza si zawadi yako, utusamehe. Ni ng'ombe wale wale, Matonya amewaswaga tangu alfajiri. Mzee Sila na Anyesi wameketi hapo mbele yako. Wengi huja kwako kuomba washinde. Mwenzetu anaomba shauri lake lisikilizwe upya, na safari hii ashindwe.

Mungu akupe njia yenye maji, na ufikapo kwako watoto wakukimbilie mlangoni.

Ni sisi, Akina Baba wa Mvumi.
Msomaji: Bartolomayo