Karani na Mwizi wa Viazi

Siku ile mjinga alikuwa Sebagabo, wala mwenyewe hakatai. Alikuwa karani wa serikali, na kwa miezi mitatu alizunguka vilimani akiuliza watu wizi utakomeshwa vipi. Sasa, ndani ya lori lililoshuka kutoka Mahoko kwenda Gisenyi, alijiona amepata jawabu, akamfunulia mama mmoja kutoka Mudende aliyebanana naye, mwenye kikapu cha viazi vya kuchemsha magotini.

"Bon, mama, kila mutu anayetoka gerezani, jina lake lisomwe sokoni. Watu wamukimbie."

"Mi leo naenda kumupokea mumoja," mama akasema, akivifunika viazi visipoe.

Sebagabo akalainisha sauti. "Pole, mama. Ni mutoto wako?"

"Hapana. Ni ule mutu aliniibia viazi. Mama yake alikufa yeye akiwa ndani. Sasa nani atamungoja mulangoni?"

Karani alisahau kufunga mdomo, vumbi likajiingilia. "Na akikuibia tena?"

Lori likasimama mbele ya gereza. Mama akajitwika kikapu chake.

"Ataniibia namna gani, karani? Kuanzia leo mulinzi wa shamba langu ni yeye."