Mma Rannatshe na Makato Yasiyo na Mwenyewe

Tarehe 31 Oktoba, Mma Boitshepo Rannatshe anastaafu baada ya kulitumikia tawi letu la Mahalapye kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza dirishani, akipokea na kutoa noti. Baadaye akapewa meza ya malalamiko, ile ya karibu na mlango, ambako mteja hufika na taarifa yake ya benki mkononi akiwa ameshamhukumu mtu.

Malalamiko mengi hufanana: kila mwezi pesa zinakatwa na kampuni ambayo mteja hajawahi kuisikia. Wengine wetu tungefunga kadi na kumwita anayefuata. Mma Rannatshe aliuliza kwanza, "Wiki makato yalipoanza, nani alilala kwako? Simu yako ilikuwa kwa nani?" Hapo mteja humkumbuka mjukuu na katuni zake. Wezi wa kweli nao walikuwapo, na kwa hao alifunga kadi kabla mteja hajakaa vizuri kitini. Hata meneja wetu alipolalamika kwamba ameibiwa, mwizi alionekana kuwa ukumbi wa mazoezi aliojiunga nao Januari na kuukanyaga mara moja.

Mwaka jana, siku chache kabla ya harusi ya binti yao, waliingia Rra Onalenna na mkewe. Mma Onalenna ndiye aliyeshika taarifa ya akaunti yao ya pamoja. Kampuni ya ng'ambo ilikuwa ikikata pesa mwezi baada ya mwezi, naye alikwishaamua kwamba huko ng'ambo kuna mwanamke.

"Leo nimjue," alisema. "La sivyo, Jumamosi utamtoa binti yako peke yako. Mimi nitakuwa kwa kaka zangu Shoshong."

Rra Onalenna, mfugaji ambaye sauti yake huwageuza ng'ombe wakiwa mbali, aliangalia kofia yake.

Mma Rannatshe akamwomba mama akamnunulie magwinya, yale maandazi ya moto, kwa wauzaji wa getini. Mlango ulipofungwa nyuma yake, mzee akafunguka. Siku hizi maharusi na wapambe wao huingia kwa hatua zilizopangwa, na wazazi nao hutakiwa kufuata. Yeye hajawahi kucheza maishani. Basi huko kambi ya ng'ombe akaanza kujifunza kwa programu ya simu, wiki ya kwanza bure.

"Nikaona hii ni mafisa tu," alisema. "Mtu anakupa ng'ombe wake umtunze, unakunywa maziwa, ukitosheka unamrudisha. Nilitosheka, nikaifuta kwenye simu. Mbona bado wananidai?"

"Rra, umefungua zizi ukadhani ng'ombe atajua njia ya kwao. Huyu harudi mpaka mwenyewe aambiwe."

Akamwonyesha jinsi ya kumwambia mwenyewe, yaani kuiandikia kampuni kwamba amejitoa, na makato yakasitishwa. Mzee akamsihi asimweleze mkewe.

"Mimi sisemi, siri ya mteja ni ya mteja. Ila hii yako itachekwa siku moja, na ile anayoidhania mkeo italiliwa miaka. Chagua."

Mma Onalenna aliporudi, mumewe alimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka magwinya mezani.

"Simama nione."

Rra Onalenna akacheza pale pale, kati ya meza na mashine ya namba za foleni. Mguu wa kushoto ulifika kwa wakati. Wa kulia ulikuja baadaye. Foleni nzima iligeuka. Mkewe alicheka hadi akatafuta kiti.

"Jumamosi ukae nyuma yangu," alisema akifuta machozi. "Nina mwili wa kukuficha."

Wenzake tulimjua Mma Rannatshe kwa mizaha. Tulichelewa kuona kwamba kabla hajamchekesha mtu, alihakikisha kwanza mlango umefungwa.

Jumamosi wazazi waliingia harusini pamoja, na sehemu kubwa ya mzee haikuonekana. Jumatatu walikuwa tena kwenye meza ya malalamiko. Waliomba makato yaanzishwe tena kama yalivyokuwa: Mma Onalenna naye anataka kujifunza, na safari hii atakaa mbele ya simu.

Mma Rannatshe, meza zote za tawi zinakushukuru. Mvua ya baraka ikunyeshee huko kwenu Kalamare, miguu yako ipumzike, na nyumba yako isikose watu wa kucheka nao.