Barafu Ikiondoka

Kwenye basi la bandarini nilitega sikio, maana wawili wa mbele yangu, baharia na mwanasheria, hawakujua kunong'ona.

"Barafu ya kaskazini imeyeyuka, dada. Sasa ile ni njia ya wote," alisema baharia.

"Sheria ya bahari inairuhusu nchi ya pwani kuziwekea meli masharti pale barafu inapofunika bahari sehemu kubwa ya mwaka," mwanasheria alijibu. "Mlango ukivunjika, kaka, nyumba inakuwa ya wapita njia?"

"Miezi saba kati ya kumi na miwili, kila zamu, nimeandika daftarini: maji matupu."

"Mimi naitetea nchi hiyo; daftari hilo litaniangusha mahakamani. Liko wapi?"

Baharia akalivuta begi mapajani.

Basi likasimama, baharia akashuka. Mwanasheria, aliyelipa nauli ya hadi mwisho, akashuka nyuma yake.