Mashuka ya Wodi ya Mifupa

Wenzangu wa kikundi, niruhusuni niongee nimekaa, maana nikisimama mbele za watu maneno yananikimbia. Waislamu wenzangu, asalaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe. Na kama kuna aliyebaki katikati, hujambo. Haya, mmecheka, sasa naweza kuanza.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa mjini Tabora, nyumba ya wauza nguo tangu mababu walipokuja na misafara kutoka pwani. Nikaolewa na mtu wa Sikonge, tukafungua duka letu la vitenge. Nilipima kitambaa mikono ina hina, wateja wananiita "mama duka", nami nalipenda hilo jina kuliko langu. Kisha mume wangu akaugua, akafariki, na duka halikukaa muda mrefu nyuma yake. Sitalirefusha hilo. Wajane wenzangu, mnalijua.

Nikapata kazi hospitalini, chumba cha kufulia. Ndugu zangu, nawaambia, niliona nimezikwa mzima. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namjibu, "Nipo hospitali, upande wa ofisi." Sare naificha kwenye mfuko, nabadilisha nikishafika. Kazi yenyewe niliifanya kwa chuki. Shuka lenye damu unaliloweka kwanza kwenye maji baridi, ndipo sabuni, ndipo unalisuuza mpaka maji yatoke safi. Mimi nilikuwa naruka hatua. Nalitumbukiza moja kwa moja kwenye maji ya moto, nalisuuza mara moja, naanika. Linakauka gumu kama karatasi, na doa lake la kahawia limebaki palepale.

Msimamizi wetu, mwanamke mpole sana, siku moja alinyanyua shuka moja akaniambia, "Dada, hili mtu atalilalia."

Nikamjibu, "Mimi nafua tu. Siuguzi."

Hakunishitaki kwa mkubwa yeyote. Alilichukua lile shuka akalifua upya mwenyewe, nami namwangalia. Hata hapo, jamani, sikuona aibu.

Basi mama mkwe wangu akaanguka uani kwake Sikonge, akavunjika paja. Akaletwa mjini, akalazwa wodi ya mifupa, mguu umefungwa, hageuki. Huyu mama sijui niwaeleze vipi. Mwanawe alipokufa wengine walitarajia tuachane, yeye akaendelea kunitumia asali na karanga kama zamani. Namwita mayu, kama watu wa kwao wanavyowaita mama zao.

Siku ya tatu nikamkuta anajikuna.

"Shikamoo mayu. Vipi?"

"Marahaba mwanangu. Mguu afadhali. Ila shuka hili linaniwasha mgongo, kama limebaki na sabuni. Sijui alifua nani, labda naye alikuwa mgonjwa."

Nililiangalia, nikalijua. Nikasema haraka, "Usijali mayu, kesho nakuletea la kwangu kutoka nyumbani, laini kabisa."

Akafurahi. Kisha akageuza macho kitanda cha pili. Pale alilala bibi mmoja kutoka Choma, mkono na nyonga vimevunjika, hana ndugu wa kumtazama. Mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwenzangu huyu, utamletea?"

Nikatupa macho kitanda hadi kitanda. Wodi nzima ilikuwa imelala juu ya kazi yangu.

Nilirudi chumba cha kufulia, nikamwomba msimamizi anionyeshe tangu mwanzo, kama mtu aliyeingia kazini siku hiyo. Hakunikumbusha maneno yangu. Alikunja mikono ya gauni, tukaloweka mashuka pamoja, tukasuuza mara tatu, tukaanika juani. Kesho yake niliomba niyapeleke wodini mwenyewe, na sare yangu mwilini. Muuguzi akamtandikia yule bibi wa Choma. Bibi akapitisha kiganja chake kizima juu ya shuka, taratibu, akafumba macho akasema, "Leo nitalala." Ni hayo tu. Duka langu lote, miaka yote ile, hakuna mteja aliyewahi kunilipa hivyo.

Nikakaa kitandani kwa mama mkwe, nikamwambia, "Mayu, sipo ofisini. Mashuka haya nafua mimi."

Akanitazama. "Na lile la juzi?"

"Nililifua mimi pia."

"Ulilifua vibaya."

"Vibaya sana, mayu."

Akaanza kucheka, akashika paja kwa maumivu, na bado anacheka, mpaka bibi wa Choma naye akacheka bila kujua kwa nini. Mimi nilikuwa nalia. Akanifuta kwa khanga yake.

Sasa anatembea kwa mkongojo, na juzi kaniletea asali. Namshukuru yeye, namshukuru msimamizi aliyenifundisha bila kunidhalilisha, na nawashukuru ninyi mlionipokea kabla sijawa na la kuwaambia.

Sisemi mshahara si kitu. Ukichelewa nanung'unika kuliko ninyi. Ninachowaomba ni kimoja. Kila mmoja wenu, awe anapika, anashona au anafagia, siku moja aende amwangalie usoni yule ambaye kazi yake inamfikia. Mimi nilisubiri mpaka awe mama yangu. Ninyi msisubiri.